Kabla Hujamsema kwa Pampasi, Muulize Maji Anatoa Wapi

Hapa chuoni tuna dada zetu kadhaa wanaosoma huku wanalea, na tangu nianze kuwa karibu nao nimegundua jambo moja: kila mtu ana maoni kuhusu makalio ya mtoto asiye wake. Mama akimvalisha mtoto pampasi, ataambiwa ni mvivu, anaiga maisha ya kwenye simu, anamchoma mtoto kwa plastiki. Kesho akimvalisha nepi ya kitambaa, walewale watasema baba wa mtoto kamtelekeza, hela hana. Na wanaosema hivyo, mara nyingi, hawajawahi kufua hata soksi za mtoto.

Hoja yangu ni fupi. Mama hachagui kati ya nepi na pampasi kwa mapenzi wala kwa uvivu. Anachagua kwa maji, kwa jua, kwa hela na kwa mikono iliyopo nyumbani. Ukitaka achague vizuri zaidi, mwongezee kimojawapo kati ya hivyo vinne. Kama huna cha kuongeza, nyamaza.

Natoka Same, na nitatumia kwetu kama mfano, kwa sababu sijui sehemu nyingine ambapo wilaya moja inatoa majibu mawili tofauti kabisa kwa swali hilihili.

Jua lipo, maji je?

Waliowahi kupanda basi la Dar kwenda Arusha wanaijua Same ya barabarani. Unapita Hedaru, unapita Makanya, mkono wa kulia milima ya Upare imesimama kama ukuta, na wewe huku chini ni vumbi, mikonge, migunga na upepo wa moto. Watu wengi wanadhani hiyo ndiyo Same yote. Lakini upepo unaotoka Bahari ya Hindi unaugonga mlima upande wa pili, unamwaga mvua yake huko Gonja, Mamba na Bombo, na ukifika Same mjini umeshakauka. Ndiyo maana mlimani kuna migomba, tangawizi na Msitu wa Chome wenye kilele cha Shengena, kinachozidi mita 2,400, wakati huku chini, upande wa pili wa mji, kuna Hifadhi ya Mkomazi yenye tembo na vifaru.

Sasa weka mtoto wa miezi mitatu katika kila upande.

Mama wa Same mjini ana jua la kumtosha na kumbakizia. Nepi anayoanika saa nne, kabla hajamaliza kuanika ya mwisho, ya kwanza imeshakakamaa kama karatasi. Shida yake ni maji. Kwa miaka mingi mji huu umeishi kwa madumu, na mtoto wa Same anajifunza kuhesabu lita kabla ya kuhesabu shilingi. Ukinywa glasi ya maji ukamwaga yaliyobaki, mtu mzima anakutazama vibaya. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulisubiriwa mpaka watu wakauimbia nyimbo za kukata tamaa, na Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua Machi 2025. Ni jambo kubwa na sitalibeza. Ila bomba kupita mtaani ni kitu kimoja, kulivuta mpaka uani kwako ni gharama nyingine, na mwenye mtoto mchanga hawezi kumwambia mtoto asubiri fundi.

Mama wa mlimani, tuseme wa Mbaga au Chome, maji anayo. Kuna chemchemi, kuna mifereji, kuna ndiva, yale mabwawa madogo ya asili ambayo Wapare wamekuwa wakiyatumia kukusanya maji usiku na kuyafungulia mashambani mchana kwa zamu. Shida yake ni jua. Ukifika mwezi wa sita na wa saba, ukungu unashuka mpaka mlangoni. Nepi iliyoanikwa Jumatatu, Jumatano bado ina ubaridi ule wa kuudhi. Inaishia kuning'inizwa jikoni juu ya mafiga, na mtoto anavaa nepi yenye harufu ya moshi wa kuni. Halafu mfereji haupo uani. Uko bondeni, na dumu la lita 20 linapanda mlima kichwani kwa mtu.

Kwa hiyo palipo na jua maji ni ya shida, na palipo na maji jua ni la shida. Ukimlaumu mama wa Same kwa kununua pampasi wakati wa ukame, au mama wa Chome kwa kununua pampasi wakati wa ukungu, umemlaumu kwa sababu ya jiografia.

Tupige hesabu, maana Wapare tunasifika kwa hilo

Nchi nzima inatutania Wapare kwamba tu wagumu kutoa hela. Sawa, tuutumie utani huo vizuri. Bei ninazoweka hapa ni za makadirio. Wewe weka za mtaani kwako uone kama jibu litabadilika sana.

Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku. Akikua kidogo zinafika 5 au 6. Tuchukue 5 tu, tusionekane tunatia chumvi. Ukinunua pampasi moja moja kwa Mangi, tuseme kwa Sh 500, siku inakula Sh 2,500. Mwezi ni Sh 75,000. Miaka miwili, yaani siku 730, ni Sh 1,825,000. Sisi wenye mkopo wa HESLB tunapewa Sh 10,000 kwa siku ya chakula na malazi. Ina maana robo nzima ya bumu inavaliwa na kutupwa, na mama hajala wala hajatoa kopi ya handaouti hata moja.

Twende kwenye nepi. Nepi 24 zinatosha kuzungusha hata kama kuna siku hazikauki. Tuseme kila moja Sh 1,500, hiyo ni Sh 36,000 mara moja tu. Kuloweka, kufua na kusuuza nepi za siku kunataka kama madumu mawili ya maji. Dumu likiwa Sh 300, mwezi ni Sh 18,000. Ongeza sabuni ya Sh 6,000, tunapata Sh 24,000 kwa mwezi. Miaka miwili, pamoja na kununua zile nepi zenyewe, ni Sh 612,000. Hiyo ni kama theluthi moja ya gharama ya pampasi.

Wengi wanaishia hapo, wanafunga daftari na kutangaza nepi imeshinda. Lakini kuna safu moja hawakuijaza. Kuloweka, kufua, kusuuza, kuanika, kuanua na kukunja ni kama saa moja kwa siku, na hapo sijahesabu safari ya mferejini. Miaka miwili ni saa 730. Kwa sisi wa semista ya wiki 15, somo lenye vipindi vitatu kwa wiki ni saa 45 za darasani. Saa 730 ni masomo 16.

Tofauti ya gharama kati ya pampasi na nepi, katika hesabu yangu, ni Sh 1,213,000. Igawanye kwa saa 730. Unapata kama Sh 1,660 kwa saa. Kumbe nepi siyo rahisi kama tunavyosema. Kuna mtu anafanya kazi kwa Sh 1,660 kwa saa, halipwi mkononi, na halafu familia inasema "tumeokoa." Nani hasa ameokoa? Baba aliyebaki na hela mfukoni, au mama aliyebaki na vidole vilivyochubuka kwa sabuni?

Binti wa kipindi cha pili

Novemba 2021, Prof. Joyce Ndalichako, wakati huo akiwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Sisi tunaosomea ualimu tumeufundishwa uamuzi huo kama habari ya sera. Nilipokwenda TP, katika shule moja ya kata huku kwetu milimani, niliuona ukiwa umevaa sare.

Kidato cha tatu kulikuwa na binti aliyerudi baada ya kujifungua. Alikuwa na akili ya hesabu ya kuonea wivu, na alikuwa anachelewa karibu kila siku. Anaingia kipindi cha pili, viganja vyeupe vimekunjamana kwa maji. Siku moja nikamuuliza kwa upole, nje ya darasa. Akaniambia, "Mwalimu, nikiziacha nepi mpaka jioni hazikauki, na bibi hawezi kushuka mferejini."

Basi. Hiyo sentensi moja ilikuwa na kozi nzima ya saikolojia ya elimu. Hakuwa mtoro wala mzembe. Alikuwa na bibi mwenye magoti mabovu, mfereji ulio mbali na jua linalotoka saa chache. Mwalimu wake wa darasa, mama mtu mzima, alikuwa ameshamwelewa zamani: alimruhusu kuingia bila kuadhibiwa, na wiki ya mitihani walimu wanawake wa pale walichanga wakamnunulia pakiti ya pampasi. Wiki ile binti alikuwa anafika kabla ya kengele.

Naomba mtu anayesema pampasi ni anasa aniambie, kwa binti yule, wiki ile, pampasi ilikuwa kitu gani. Mimi naona ilikuwa kifaa cha shule, sawa na daftari na kalamu. Na kama siku moja tutakuwa walimu wakuu au maafisa elimu, tukumbuke kwamba kumruhusu mzazi kurudi darasani bila kuuliza nani anamfulia mtoto wake ni kufungua mlango wa mbele huku umeacha geti limefungwa.

Pande zote mbili zinachafua

Wenzangu wa klabu ya mazingira najua mmeshashika kalamu. Mnataka kuniambia kuhusu plastiki. Nawaunga mkono, ila nusu.

Tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na mitaani tuliona tofauti. Pampasi haikuguswa, na pampasi ni plastiki pia: nje kuna ngozi ya plastiki, ndani kuna nyuzi za mti na punje za kemikali zinazofyonza maji na kuvimba kama uji. Mnasema inachukua miaka 500 kuoza. Pampers, ambayo jina lake ndilo tumeligeuza kuwa pampasi, iliingia sokoni Marekani mwaka 1961, kwa hiyo hakuna binadamu aliyekaa kusubiri miaka 500 akahesabu. Lakini hatuhitaji kungoja. Tunaiona wiki hii hii: mbwa ameichana jalalani, upepo umeibeba, imenasa kwenye mchongoma. Wengine wanaitumbukiza chooni, na choo cha shimo kinajaa haraka, halafu gari la kunyonya likija bomba linaziba. Wengine hawataki kuichoma kwa kuamini kwamba mtoto naye ataungua. Imani hiyo mimi siwezi kuizuia kwa makala moja, lakini naweza kusema kwamba shimo la taka lililofukiwa vizuri linamridhisha anayeamini na asiyeamini.

Nusu ninayowapinga ni hii: mnaisema nepi kama vile ni malaika. Maji yaliyofulia nepi yanakwenda wapi? Mlimani, mtu akifulia mferejini, wa chini yake anachota kinyesi. Ndiva ina zamu na ina kamati, watu wanagombana juu ya nani afungulie maji saa ngapi, lakini ni mara ngapi mkutano umejadili nani anasuuza nepi wapi? Wengi wetu tumelelewa tukiamini kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara kwa sababu "ni maziwa tu." Siyo kweli. Kinabeba vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima, na wanaokula mchanga uani ni watoto wenzake. Kampeni ya Nyumba ni Choo ilitukazania tujenge vyoo. Ya mtoto nayo yaingie huko huko. Kwenye nepi, kinyesi kinakung'utwa chooni kwanza, maji ya kusuuzia yanamwagwa chooni au kwenye shimo mbali na mfereji. Kwenye pampasi ni vilevile: kinyesi chooni, pampasi yenyewe inakunjwa na kwenda shimoni, chooni isiingie.

Hata Wazungu walipopima hawakupata mshindi wa moja kwa moja. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa tathmini mwaka 2008 iliyofuatilia mtoto kwa miaka miwili na nusu: pampasi zilitoa kama kilo 550 za hewa ukaa, nepi kama kilo 570. Nepi zilipoteza kwa sababu ya mashine za kufulia maji ya moto na mashine za kukaushia. Lakini familia iliyoanika nepi kwenye kamba, ikajaza mashine vizuri na kumwachia mdogo mtu nepi zilezile, ilipunguza karibu kilo 200. Sasa nani duniani anaanika kwenye kamba na kuwarithisha wadogo nguo za wakubwa kuliko sisi? Kwa upande wa hewa, nepi ya Same inashinda bila jasho. Nguvu za umeme ambazo Mwingereza anatumia, sisi tunatumia za mama. Na hizo hakuna aliyezipima kwa kilo.

Maneno ya mtaani

Kuna mawili nataka kuyamaliza haraka kwa sababu yanawatesa kina mama bure.

La kwanza, kwamba pampasi inaleta matege. Watoto karibu wote huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo, na hunyooka yenyewe wanapokaribia miaka miwili. Ikizidi kupinda, mpeleke hospitali. Matege ya kweli hutokana na mifupa kukosa kinachoijenga, kama vitamini D, na pampasi haihusiki.

La pili, kwamba pampasi inawafanya wavulana wawe tasa. Hili lina chanzo: mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani walipima na kukuta kwamba ndani ya pampasi kuna joto zaidi kidogo kuliko ndani ya nepi ya pamba. Joto walilipima. Utasa hawakuuonesha. Ni tofauti kubwa, na mwanafunzi wa chuo anatakiwa kuiona kabla ya kufowadi meseji.

Jambo la kweli la kuogopa ni dogo na liko karibu: vipele na michubuko. Hivyo havichagui chama. Vinakuja mtoto akiachwa na unyevu muda mrefu. Na hapa ndipo umaskini unapofanya pampasi kuwa mbaya kuliko nepi: mama mwenye hela ya pampasi mbili kwa siku anamwacha mtoto na moja kutwa nzima mpaka inining'inie magotini, kwa sababu kwa nje inaonekana bado "haijajaa." Mtoto yule angekuwa salama zaidi na kipande cha kanga kuukuu kinachobadilishwa kila kikilowa. Nepi nayo ina masharti yake. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi. Ndiyo sababu bibi zetu walikuwa wanapiga pasi ya mkaa nepi zote mpaka kwenye pindo. Hawakuwa wanajipamba.

Na bibi zetu hao walikuwa na njia ya tatu tuliyoisahau. Mwaka 1977 watafiti wawili, mke na mume wa ukoo wa deVries, walichapisha kazi yao kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya, majirani wa ndugu zetu wa Tanga. Waliona mama akianza kumzoesha mtoto kujisaidia tangu wiki za kwanza: anamweka katika mkao fulani, anatoa sauti fulani, mtoto anajibu. Kufikia miezi mitano au sita, mtoto hakojoi ovyo mchana wala usiku. Madaktari wa Marekani wakati huo walikuwa wanafundisha kwamba mtoto hayuko tayari mpaka avuke mwaka na nusu. Sisemi wote turudi huko, maana njia ile inataka mtu wa kukaa na mtoto saa zote, na mama mwenye kipindi saa mbili asubuhi hana mtu huyo. Ninachosema ni kwamba miaka miwili ya pampasi siyo sheria ya maumbile. Kila mwezi ambao mtoto anazoeshwa mapema ni Sh 75,000 au saa 30 za kufua zilizookolewa.

Kwa hiyo tufanye nini?

Kama mtu ataniuliza mimi leo, nitamjibu hivi: nepi mchana nyumbani, pampasi usiku, safarini, kliniki na siku za mtihani. Ukame ukikaza au ukungu ukishuka, ongeza pampasi bila kujilaumu. Maji yakipatikana na jua likirudi, rudi kwenye nepi. Pampasi moja ya usiku na moja ya dharura kwa siku ni Sh 1,000, mwezi Sh 30,000, na mzigo wa kufua unapungua.

Lakini hiyo ni kwa mama, na makala hii sikuiandika kwa ajili ya mama. Yeye anajua. Naandika kwa sisi tunaomzunguka.

Wanaume wenzangu, sheria ya kazi ya nchi hii inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi na baba siku 3. Siku tatu, kwa Chome ya mwezi wa saba, nepi ya kwanza haijakauka. Sheria itabadilishwa na watu wenye nafasi kuliko sisi, ila beseni halihitaji kibali cha Bunge. Kufua nepi hakuna anatomia. Mvulana anayeweza kufua raba zake nyeupe kwa mswaki mpaka zing'ae anaweza kufua nepi. Na kama kufua humudu, dumu la maji unalimudu.

Marafiki wa darasani, mwenzetu akijifungua huwa tunachanga. Tunanunua keki, tunapiga picha, tunaleta nguo za mtoto ambazo baada ya wiki tatu hazimtoshi. Safari ijayo tununue nepi 24, mabeseni mawili, mche wa sabuni na pakiti moja ya pampasi kwa ajili ya wiki ya UE. Halafu tupangiane zamu ya kumshikia mtoto akiwa kwenye chumba cha mtihani.

Na Serikali ya Wanafunzi, tunaoilipia ada kila mwaka, iweke ombi moja dogo mbele ya uongozi wa chuo: nyuma ya hosteli, bomba moja lenye maji ya uhakika, kamba za kuanikia zenye kibati juu kwa siku za mvua, na pipa lenye kifuniko kwa ajili ya pampasi. Haigharimu hata tamasha moja la kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Wenzetu wanaolea sasa hivi wanafua bafuni usiku wa manane wakiogopa kelele, na wanaanika dirishani wakiogopa maneno.

Mwaka wa mwisho ndio huu kwangu. Mwakani, Mungu akipenda, nitakuwa nimeripoti shule fulani, labda mlimani, labda tambarare. Nina uhakika nitamkuta binti mwingine wa kipindi cha pili, na swali langu la kwanza kwake nimeshaliandaa: mfereji uko umbali gani, na nyumbani kuna nani mwingine mwenye mikono?